Badili Kitu Kimoja kwa Mara Moja: Mwongozo kwa Mtunzi Anayeogopa Kuharibu

Kuna watu Lamu ambao watakupangia ubeti wa mizani 16 kwa kila mshororo hali wamekaa barazani na kikombe cha kahawa mkononi, bila kalamu wala karatasi. Mwambie mmoja wao aandike hadithi fupi ya kurasa sita, au shairi lisilo na vina, mkono unamwia mzito. Anaahirisha. Akianza anafuta, akimaliza anaficha. Mwongozo huu ni wake, na wa kila mtunzi anayetaka kutoka kwenye utunzi anaoumudu aingie asioujua: kutoka shairi kwenda hadithi, kutoka arudhi, yaani kanuni za vina na mizani, kwenda mashairi huru, kutoka Kiamu, lahaja ya Lamu, kwenda Kiswahili Sanifu au kinyume chake.

Ushauri wa "jiamini tu" tumeuacha nje kwa sababu haujamsaidia mtu. Hofu za mtunzi ziko aina mbalimbali na hazitibiki kwa dawa moja. Kwa hiyo kabla ya zoezi lolote, andika sentensi hii na ujaze nafasi zake: "Nikiandika hili, naogopa kwamba fulani ata..." Fulani ni nani, naye atafanya nini? Ukijaza "wazee wa barazani watacheka," hiyo ni hofu ya wasikilizaji. Ukijaza "jirani atajiona humu," hiyo ni hofu ya mji mdogo. Ukishindwa kujaza chochote, humwogopi mtu; unaogopa kazi isiyo na mpaka. Hiyo ndiyo nyepesi kuliko zote, tuanze nayo.

Ipe kazi mpaka, kisha linda nakala

Jiwekee dakika 20 na maneno 200. Maneno 200 kwa mwandiko wa kawaida ni kama ukurasa mmoja wa daftari. Vikao kumi vya namna hiyo vinakupa maneno 2,000, urefu unaotosha hadithi fupi. Muda ukiisha simama, hata kama utamu umekolea, na ikiwezekana simama katikati ya sentensi. Kesho utakuta pa kuanzia badala ya kukuta ukurasa mweupe.

Saa inayofaa ni ile ambayo nyumba haikuhitaji. Kwa wengi ni baada ya sala ya alfajiri, kabla punda na wauza samaki hawajajaza njia. Ramadhani, sogeza kikao baada ya tarawehe. Mfungo Sita, wiki ya Maulidi, usijidanganye kwamba utaandika. Mji umejaa wageni na dufu hazinyamazi. Tembea na kijidaftari kidogo uokote maneno ya watu, uandishi utasubiri.

Halafu nakala. Hofu ya kuharibu huishi kwa mtu anayeandika juu ya kazi yake ya awali. Tumia daftari la kurasa 96, uandike ukurasa wa kulia peke yake. Wa kushoto ni wa masahihisho. Neno usilolitaka lipige mstari mmoja mwembamba, usilisugue kwa kifutio wala kulizamisha kwa wino, kwa maana neno lililokatwa leo mara nyingi hutafutwa siku ya tatu. Kwenye simu, kila toleo liwe faili lake lenye nambari: mlango-1, mlango-2, mlango-3. Ukishafungua la pili, la kwanza haliguswi tena. Usitungie ndani ya WhatsApp. Ujumbe husukumwa juu na ujumbe mwingine, na kuna siku kidole kitatuma kikundini kitu ambacho hakijaiva. Ila kujitumia nakala iliyokwisha kila Ijumaa ni jambo zuri, kwani simu na maji ya gatini hazijawahi kupatana.

Anayedhani kwamba kubadilisha ni kuikosea heshima kazi, au kuwakosea wazee, na akumbuke kuwa nakala za kale za tendi za Pwani zilizoandikwa kwa hati za Kiarabu hazifanani neno kwa neno. Beti hupungua, huongezeka, hupishana mahali. Walionakili walikuwa wakibadilisha, na tendi zipo hadi leo.

Kitu kimoja, kisha kingine

Kosa kubwa la anayetaka kubadilika ni kubadilisha yote usiku mmoja: anatupa vina, anatupa mizani, anahama lahaja, anahama mada, anaanza kuandika mambo ya mji ambao hajaukanyaga. Kazi ikimtoka vibaya hajui kilichoiharibu ni kipi, anarudi kwenye shairi la zamani na kuapa kwamba hadithi haiko kwenye damu yake. Fundi wa Matondoni, kijiji cha waunda mashua hapa Lamu, anayeikarabati mashua hang'oi mbao zote kwa siku moja. Anatoa ubao, anatia ubao, anaangalia kama maji yanapita.

Tufanye kwa mfano. Huu ni ubeti wa utendi, vipande vinne vya mizani minane, vitatu vya kwanza vikiwa na kina kimoja na cha nne kikibeba kina cha bahari, kile kinachorudi mwishoni mwa kila ubeti wa utendi:

*Baba katweka tangale*
*Kutoka gatini kule*
*Hakusema siku ile*
*Lini atarudi kwetu*

Arudhi imetimia. Lakini chunguza "kule" na "siku ile." Hayakuletwa na maana, yameitwa na kina. Gati ni hilo hilo na siku ni hiyo hiyo, maneno yamekuja kujaza nafasi. Sasa tubadili kitu kimoja tu: vina vitoke, mizani minane ibaki.

*Baba katweka tangale*
*Asubuhi, hana neno*
*Mama kashika mlango*
*Hadi jua limezama*

Mama ametoka wapi? Hakuwamo. Nafasi iliyokuwa imeshikwa na "kule" na "siku ile" ilipofunguka, aliingia. Sikio lililozoea vina litahisi limedhulumiwa hapa, na ni sawa lihisi. Liache lilalamike siku mbili tatu kabla ya kuamua. Kama baada ya siku tatu bado ubeti wa kwanza unakuvutia zaidi, urudie, maana uko pale kwenye ukurasa wake haujaguswa. Kuna mada ambazo vina vinazibeba vizuri kuliko njia yoyote nyingine, na mtunzi anayeacha vina ili aonekane wa kisasa anafuata mkumbo tu.

Hatua inayofuata, toa mizani:

*Baba alitweka tanga asubuhi bila kutuaga. Mama alisimama mlangoni. Adhuhuri ilipoadhiniwa alikuwa pale, na magharibi ilipoadhiniwa alikuwa pale, mkono wake ungali juu ya komeo.*

"Tangale" imekuwa "tanga," kwa sababu ufupisho ule ulikuwa mtumishi wa mizani na katika nathari hana kazi. Hili liangalie sana. Washairi wanaohamia hadithi hubeba mikato yao, "mwanangu kaniliza," "nyumbani kenda," wakaipanga kwenye aya nzima hadi msomaji achoke. Weka alama chini ya kila umbo lililokatwa, uliza kama mtu anayehadithia angelitamka hivyo, na kama hapana lirefushe.

Hatua ya nne, watu waseme:

*"Baba amekwenda wapi?"*
*"Baharini."*
*"Atarudi lini?"*
*"Kaskazi ikigeuka," alisema, wala hakunitazama.*

Umeona kilichorudi? "Lini atarudi kwetu," kipande cha nne cha ubeti wa kwanza, kilichokatwa kwenye hatua ya pili, kimezaliwa upya kama swali la mtoto. Kama ubeti wa kwanza ungefutwa, swali hili lingepotea. Ndiyo maana tumesisitiza nakala kabla ya jambo lingine lolote.

Fanya zoezi hili kwa ubeti wako mwenyewe, mmoja tu, kwa vikao vinne: kikao kimoja, hatua moja. Usichukue ubeti unaoupenda kuliko yote. Chukua wa kati, ambao hata ukiharibika hutalia.

Kuna makosa mawili yatakayokutokea ukifika kwenye nathari, na yote mawili yanatoka kwenye mazoea mema. La kwanza ni mlango mrefu. Utendi hufunguliwa kwa kumtaja Mungu na kumsalia Mtume, kisha mtunzi anaeleza kusudi lake, ndipo kisa kianze. Mtunzi wa utendi anapoandika hadithi, aya mbili za mwanzo huwa za kukaribisha: dunia ni mapito, mji wetu ni wa kale, wanadamu wana mambo. Jaribu kuziba aya hizo kwa karatasi uanze kusoma ya tatu. Ikiwa hukupotea, zikate. La pili ni mkia wa mawaidha, mhusika anaadhibiwa na msimulizi anatuambia tujifunze nini. Ziba aya ya mwisho vilevile. Hadithi ikisimama bila hiyo aya, mawaidha yamekwishafika yenyewe.

Mji mdogo

Hofu hii haitibiwi kwa ushujaa, na pengine haifai kutibiwa yote. Lamu mtu akikohoa mtaa wa Mkomani, mtaa wa Langoni wanamwombea afya. Ukiandika nahodha wa Matondoni anayedaiwa na kila duka naye bado anawapelekea watu halua, ukambadilisha jina tu, mji utakuwa umemtambua kabla ya magharibi. Sentensi ya "wahusika wote ni wa kubuni" haitamsitiri.

Jiulize mambo matatu kuhusu kila mhusika uliyemchukua kwa mtu wa kweli. Nani atajitambua? Akijitambua, atacheka au ataumia? Hadithi inaweza kusimama bila jambo hilo? Likiwa la kuumiza na hadithi inasimama bila yake, litoe, tena bila majuto. Kuanika sitara ya nyumba ya watu hakuonyeshi kwamba mtunzi ameshinda hofu. Hofu nyingine ni za haki, na mtu azitii.

Ikiwa hadithi haisimami bila jambo hilo, chukua tabia uache mtu. Badili angalau vitu vitatu: kazi, mtaa, na jambo lenyewe lililompata. Mtu anayetoa hali anadaiwa: mtoe baharini, mfanye mjane wa mji usiotajwa jina, anashona kofia kwa kuuza, anadaiwa na duka moja, na kila Ijumaa anawapikia watoto wa chuo cha Kurani. Nahodha ametoweka. Zaidi ya hayo, hadithi imepata maswali mapya: mwenye duka anahisi nini anapouona moshi wa jiko la mjane huyo? Tumeliona hili mara nyingi, kwamba kumsitiri mtu wa kweli kunamlazimisha mtunzi kubuni, na kubuni ndiko alikokuwa akikukwepa.

Njia nyingine ni fumbo, nayo ina asili hapa. Watunzi wa Lamu na Mombasa walirushiana maneno makali kwa mafumbo tangu mwanzoni mwa karne ya 19. Lakini fumbo lina kipimo chake. Mpe kazi msomaji wa mbali asiyejua siri ya mji. Kama anafurahia kisa cha juu bila kujua cha chini, fumbo limekaa. Kama anauliza "huyu kunguru ni nani hasa?" na hawezi kuendelea, umeandika barua ya ndani, haijawa hadithi.

Lahaja ni hofu ndogo zaidi kuliko inavyoonekana. Rasimu ya kwanza iandike kwa ulimi unaokujia. Ukisimama kila mara kugeuza *mato* kuwa macho na *mtele* kuwa mchele, hutafika mwisho wa ukurasa. Rasimu ya pili weka kanuni moja na uiandike juu ya daftari, kwa mfano masimulizi Sanifu, mazungumzo Kiamu. Msomaji wa Tanga au Kisumu hatapotea ikiwa tendo linaelezea neno: *"Funga mato," akamwambia, na mtoto akakaza kope.* Kinachompoteza ni maneno matano mageni kwenye sentensi moja.

Msomaji wa kwanza, na msomaji mwenye sauti

Usiandikie "jamii." Jamii haina uso, na kisicho na uso hutisha. Mwana Kupona alipotunga utendi wake mwaka 1858 alimwelekea mtu mmoja, binti yake, akamwita akae karibu na wino na karatasi. Chagua wako: dada aliye Malindi, rafiki mliyesoma naye, mtoto wa ndugu. Andika jina lake juu ya ukurasa kabla ya kuanza, na kila ukikwama jiulize ungemwambiaje yeye.

Kazi ikimalizika, msomaji wa kwanza awe mtu asiyetunga. Mtunzi mwenzio atakuonyesha jinsi yeye angeliandika. Na usimwulize "umeipenda?" Mtu mwenye adabu ana jibu moja tu, "mashaallah, nzuri sana," na jibu hilo halikusaidii hata kidogo. Uliza hivi:

1. Ulichoka ulipofika wapi?
2. Nini hukukielewa?
3. Bila kutazama karatasi, unakumbuka nini?

Andika majibu, usijitetee, usieleze ulichokusudia. Ukishaeleza, umemharibu msomaji huyo. Hawezi tena kukusaidia. Kaa siku moja kamili kabla ya kugusa kazi. Kisha badilisha yale tu yaliyosemwa na watu wawili, au yaliyosemwa na mmoja nawe ulikuwa ukiyashuku tangu awali. Mengine yaache. Mtunzi anayetii kila kauli huishia na hadithi ya kamati.

Pwani tuna msaada ambao watunzi wengi wa kwingineko hawana: kwetu anayetunga na anayesoma kwa sauti mara nyingi ni watu wawili. Mashairi ya Lamu yalisambaa kwa kanda za kaseti tangu miaka ya 1970, na leo yanapita kwenye simu, yakighaniwa na watu wenye sauti nzuri ambao si lazima wawe ndio watunzi. Tumia desturi hii hata kwa hadithi. Mpe mtu mwenye sauti kurasa zako azisome bila kuziandaa, nawe shika nakala na kalamu. Anapojikwaa, weka alama. Anaporudia sentensi, weka alama mbili. Anapobadilisha neno bila kujua, andika neno lake, kwani mara nyingi ndilo sahihi. Faida ya pili ni kwamba kazi ikishatoka kinywani mwa mwingine unaisikia kama ya mtu, na aibu hupungua. Kama humpati msomaji, jirekodi kwenye simu na usisikilize hadi siku mbili zipite.

Ukipeleka shairi huru barazani, tangaza mapema: "Hili halina vina kwa makusudi." Usipotangaza, wasikilizaji watahesabu mizani, wakose, na wote watakuwa wanasubiri kina ambacho hakiji wakati maana inapita. Atakuwapo atakayesema hilo si shairi. Ubishi huo haukuanza nawe. Mshairi wa Tanzania Euphrase Kezilahabi alipotoa diwani ya *Kichomi* mwaka 1974, washikilia arudhi walipinga kwamba kisicho na vina na mizani kiitwe shairi, na hoja hizo hizo ndizo utakazozisikia. Sikiliza kama mna lingine jipya, halafu uliza swali la tatu: "Unakumbuka nini?"

Kupeleka, na kukataliwa

Anza na mahali ambapo kukataliwa hakugharimu kitu. Gazeti la Taifa Leo huchapisha mashairi ya wasomaji, na Tamasha la Utamaduni la Lamu huwa na mashairi pamoja na mbio za punda na za mashua. Mswada wa kitabu unaweza kulenga tuzo ya fasihi ya Kiswahili kama ile ya Safal-Cornell, iliyoanzishwa mwaka 2014 kwa jina la Mabati-Cornell. Soma masharti mara mbili: urefu, aina ya faili, kama kazi iwe haijachapishwa. Kazi nyingi huanguka hapo kabla haijasomwa mstari, na mwenyewe akadhani amekataliwa kwa sababu ya utunzi.

Nyuma ya daftari chora safu tano: jina la kazi, nambari ya toleo, ilikopelekwa, tarehe, jibu. Safu ya toleo usiiache, la sivyo utapewa maoni juu ya mlango-3 uyatumie kusahihisha mlango-5. Siku hiyo hiyo unayopeleka, anza kazi nyingine, hata kama ni maneno 50, ili usikae unachungulia simu.

Jibu likiwa ni kimya, halisemi lolote juu ya kazi yako. Pengine haikufunguliwa. Barua fupi ya kukataa inayofanana kwa wote nayo haisemi mengi. Barua yenye sentensi moja inayotaja mhusika wako au ukurasa wako ina thamani, kwa maana mtu amesoma hadi hapo. Inakili kwenye ukurasa wa kushoto wa kazi hiyo. Miezi mitatu ikipita kimya, na masharti hayakutaja muda mrefu zaidi, uliza kwa ujumbe wa mistari mitatu: jina la kazi, tarehe uliyopeleka, swali lako. Hakuna jibu ndani ya wiki mbili nyingine, waandikie kwamba umeiondoa. Kisha isome upya kwa sauti, rekebisha ukurasa wa kwanza peke yake, ipe nambari mpya, na uipeleke kwingine.